Beti Sabini na Mbili za Immakulata

Jumatatu, 2 Februari 1998

Mvua tangu alfajiri. Posta hakuna kitu. Shairi langu la kumi na tisa limekwenda gazetini, halikurudi wala halikuchapishwa. Miaka saba niko Kibondo, mimi Abdalah, Msaidizi wa Afisa Utamaduni wa Wilaya, mzaliwa wa Pangani, mjukuu wa watu waliotunga tenzi usiku na mchana. Na bado ukurasa wa mashairi unamchapisha Mwalimu Raymond. Mara tatu! Mwalimu wa darasa la nne, Muha wa hapa hapa, Kiswahili kakisomea shuleni.

Leo habari kubwa. Mzee Reverien Niyomwungere anataka kumaliza msiba wa mkewe. Mzee huyu alikuwa katekista kwao Burundi. Alikimbia mwaka 1972, akapewa uraia, ana migomba yake njia ya Kasulu. Mkewe Immakulata alifia njiani, milimani juu ya Manyovu, kabla hawajavuka. Sasa, watu hawa wana desturi. Kuna siku ya kuzika, na kuna siku ya kumaliza msiba, kuganduka, wanaiita. Ndugu hukusanyika, maneno husemwa, mfiwa anarudi kuwa mtu kama watu. Kwa Immakulata siku hiyo haikufika kamwe, maana kaburi lilibaki upande wa pili na ndugu walitawanyika. Miaka ishirini na sita mzee ni mfiwa. Hakuoa tena. Harusini huja, husimama mlangoni, huondoka kabla ya ngoma.

Kifua kinamsumbua. Anataka kumaliza kabla hajamfuata. Jumamosi tarehe 21. Bosi wangu Bi. Herieth amealikwa, na paroko, na watu mpaka wa Kasulu. Na mzee anataka shairi, kwa Kiswahili, majirani wote waelewe. Kamwomba nani? Raymond!

Sikuonyesha chochote. Nilimwambia Havyarimana, mwanawe aliyeleta mwaliko ofisini, kwamba chaguo ni zuri. Kisha nikaenda chooni, nikasimama humo muda mrefu.

Jumatano, 4 Februari

Sikulala vizuri. Nimewaza. Imani, ardhi, mapenzi, kifo: mambo manne makubwa ya ushairi yote yamo katika msiba mmoja, na yamekabidhiwa mtu anayetunga beti tano halafu anakaa. Beti tano! Babu yangu alitumia beti tano kusafisha koo tu.

Mungu anisamehe kwa nililolifanya saa sita mchana, Bi. Herieth alipokwenda kula.

Nimepiga taipu barua. Karatasi ya ofisi, nembo juu. Mwalimu Raymond anaalikwa kwenye Semina ya Washairi wa Mkoa, itakayofanyika Kasulu kuanzia tarehe 9 hadi 22 Februari. Watakaofanya vizuri mashairi yao yataingizwa katika diwani. Ahudhurie bila kukosa. Ili ionekane barua ya kweli nikaongeza kwamba mshiriki anaruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kufuatana naye, na kwamba vyombo vyote vya dola vinaombwa kumpa msaada. Barua za serikali zina ukarimu wa namna hiyo. Nikagonga muhuri. Sahihi ya Bi. Herieth si ngumu, ni kama mnyoo uliojikunja.

Semina yenyewe haipo. Lakini semina ngapi za serikali zimepata kuwepo?

Jumamosi, 7 Februari

Raymond kaondoka asubuhi, juu ya roli la maharage, kajifunika nailoni. Kanipungia mkono! Kabla ya kuondoka alipita kwa mzee kuomba radhi.

Nami nikaenda kwa mzee saa nne, nimejiandaa. Nilikuwa na uongo wa aina tatu mfukoni, nikichagua upi utafaa. Haukuhitajika hata mmoja. Mzee alisema Raymond amekwisha kumwambia kwamba yupo mtu mmoja tu Kibondo anayeweza kuibeba kazi hii, naye ni Bwana Abdalah wa Utamaduni. Roho iliniuma. Mtu anapata kazi kwa hila, halafu aliyefanyiwa hila ndiye anamwombea! Ni ufidhuli.

Mzee alikaa kitandani, blanketi mabegani. Mikono mikubwa, ya jembe. Alinisimulia kwa utaratibu, akikohoa, na mimi nikaandika.

Alisema Immakulata aliugua njiani siku ya tatu ya kukimbia. Walikuwa watu wengi, na askari walikuwa nyuma yao. Alipokata roho walichimba kwa mikono na kwa kipande cha sufuria. Wakamlaza kwenye mkeka wake. Na mzee mwenyewe, katekista, aliyezika watu wote wa kijiji chake kwa sala na nyimbo, akaamuru pasiwe na sauti. Hata kulia. Hata Baba Yetu. Kisha akatangulia bondeni kutafuta pa kuvukia, asigeuke nyuma.

Akanishika kiganja. Akasema, “Mwana wanje, mwanangu, tulimzika kama mtu anaficha kitu alichoiba. Mimi nataka maneno. Yasemwe kwa sauti, watu wasikie.”

Nikamuuliza na habari za Mungu niziweke wapi. Akasema niziweke pale pale barabarani, ila nisidanganye kwamba siku ile alimwona.

Nimerudi kwa miguu kwenye matope bila kuyaona matope. Nitaandika beti sabini na mbili, moja kwa kila mwaka hadi ule mwaka wa sabini na mbili. Wazo kubwa! Raymond asingelifikia hata kwa ngazi.

Jumatatu, 9 Februari

Nimeanza. Ubeti wa kwanza umesimama kama nguzo:

Bisimillahi Manani
Naketi hapa kitini
Kalamu i mkononi
Machozi yanidondoka

Nilimsomea Mama Odilia, mwenye nyumba wangu, aliyekuwa barazani akipukuchua mahindi. Aliuliza aliyekaa kitini ni nani. Nikamwambia ni mtunzi. Akauliza Immakulata anaingia lini. Nikamweleza kwa upole kwamba utenzi una adabu zake: kwanza mtunzi humtaja Mungu, kisha hujieleza yeye na ukoo wake, kisha huomba radhi kwa wajuzi, kisha husifu kalamu, karatasi na wino. Immakulata anaingia ubeti wa kumi na tano. Akasema, “Ehee,” akaendelea na mahindi.

Baadaye akaanza kuniambia habari za mtungi wa pombe siku ya kuganduka, kwamba kuna utaratibu. Nikamkata. Nikamkumbusha kwamba mimi Mwislamu, pombe hainihusu, wala mtungi wake. Alinitazama, akatikisa kichwa. Watu wa huku wanapenda sana kuzungumza habari za pombe.

Jina la mzee linanitesa. Niyomwungere. Mizani tano, na likikaa mwisho hakuna kinachofanana nalo isipokuwa “kere” na “mtere,” ambalo silijui maana yake. Nimeliacha.

Alhamisi, 12 Februari

Beti arobaini na nne. Mvua haikati. Redio inasema mvua za mwaka huu hazijapata kuonekana. Daraja la njia ya Kasulu limeondoka na maji. Raymond yuko huko, sisi tuko huku. Mambo ya Mungu haya, mimi sikuomba daraja livunjike, niliomba akae tu.

Bi. Herieth ameuliza kwa nini wino wa muhuri umepungua. Nikasema ni unyevunyevu. Akasema unyevunyevu huongeza wino, haupunguzi. Huyu mama ni Mhaya, na Wahaya hawakuumbwa kuacha jambo.

Jioni nilifika ubeti wa arobaini na tano na kalamu ikaanza kwenda yenyewe. Sijui niseme nini. Nilikuwa nikiwaza lile kaburi, kwamba hakuna ajuaye lilipo sasa, na kwamba mvua hii hii inanyesha huko. Ukatoka ubeti huu:

Majani yale ya njia
Yamemfunika pia
Na mvua yampitia
Wala hajalowanika

Niliusoma mara mbili. Nikamkumbuka mama yangu, aliyezikwa Pangani mwaka nilipopangiwa huku, na mimi nikafika siku ya nane. Nililia kidogo. Kisha nikauhamisha ubeti huo ukawa wa sitini na moja, usiwahi kuwachosha watu kabla hawajanijua mimi.

Jumatatu, 16 Februari

Mzee kazidiwa jana, leo afadhali. Nilikimbilia kwake na nguo za ofisini. Havyarimana alidhani nimekuja kwa huruma, akanipa kiti na chai. Kwa kweli nilikuwa na hofu mbili, na sitaki kuandika hapa ipi ilikuwa kubwa.

Havyarimana ana miaka ishirini na sita. Siku ile ya kukimbia alikuwa amebebwa mgongoni, mtoto wa miezi minne. Aliyembeba ni mdogo wake Immakulata, jina lake Ndayikunda. Alimvusha mtoto, akamkabidhi kwa baba yake, akarudi kumtafuta mumewe. Hawakumwona tena. Mzee humwombea kila Jumapili pamoja na marehemu.

Nikauliza kama tarehe iko pale pale. Iko pale pale. Mzee amesema atakwenda hata kwa kubebwa kwenye ngobyi, ile machela ya wagonjwa.

Beti sabini na mbili zimekamilika. Kwa sauti ya wastani ni dakika hamsini.

Ijumaa, 20 Februari

Nimepiga pasi kanzu. Nimekunywa yai bichi kwa ajili ya koo. Raymond hajaonekana. Kesho!

Mama Odilia alinifuata tena na habari za mtungi. Nikafunga mlango.

Jumamosi, 21 Februari

Nitaandika kama lilivyotokea, nisije siku moja nikalipamba.

Mvua ilikatika saa tatu. Watu wengi ajabu. Mbele ya nyumba, mzee kwenye kiti, amevaa koti la zamani. Kando Bi. Herieth na paroko. Katikati mtungi mkubwa wa pombe ya ndizi, mirija imechomekwa kuuzunguka. Sikuupa maana. Kwangu mtungi ni mtungi.

Havyarimana akanikaribisha. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza.

Ubeti wa kwanza, kimya kizuri. Wa pili, kimya. Wa tatu nilipotaja ukoo wangu hadi babu wa nne, nikaona wanaume wanatazama chini. Huzuni, nikasema moyoni, imeingia. Wa tano nilipoomba radhi kwa wajuzi, nikaona hawatazami chini. Wanatazama mtungi. Wote! Macho mia mbili kwenye mtungi mmoja. Mama Odilia, mstari wa mbele, akajishika kichwa.

Sasa ninajua nilichokatazwa kujua na kiburi changu. Maneno ya marehemu husemwa mtungi ukiwa haujaguswa. Hakuna mdomo unaogusa mrija mpaka maneno yaishe. Na mfiwa akishakunywa, basi: msiba umekwisha, na neno la kumlilia marehemu halisemwi tena, hata moja. Watu walikuwa wametembea tangu alfajiri, wengine kutoka Kasulu kwa miguu pale daraja lilipokatika. Na mimi nilikuwa ndio kwanza nasifu kalamu.

Nilikuwa ubeti wa tisa, wa wino. Pakatokea minong'ono nyuma. Watu wakapisha njia. Raymond! Matope mpaka mapajani, viatu mkononi. Na nyuma yake kibibi kimoja kidogo, kilemba cheupe, fimbo.

Mzee alisimama. Mtu aliyekuwa abebwe kwenye machela alisimama peke yake, kiti kikaanguka. Akasema jina moja: “Ndayikunda.”

Walishikana mabega, hawakukumbatiana, walishikana tu wakitazamana, muda mrefu. Hapakuwa na mtu aliyetazama mtungi.

Raymond alieleza. Kwamba Kasulu hakukuta semina, akadhani mvua imewachelewesha wenzake, akasubiri. Alipochoka kusubiri akaenda kambi ya wakimbizi ya Mtabila kumsalimu mwalimu mwenzake, na kwa kuwa shairi la mzee lilikuwa bado kichwani mwake, akawa anauliza kama yupo mtu wa upande ule wa kina mzee, apate majina ya vilima. Wakamwonyesha kibibi aliyefika kambini miaka miwili tu iliyopita. Akauliza, akaulizwa, wakalia wote wawili. Tabu ikawa kibali. Mkimbizi hatoki kambini hivi hivi. Lakini Raymond alikuwa na barua! Barua ya serikali, yenye muhuri, kwamba mshiriki anaruhusiwa mtu mmoja wa kufuatana naye na vyombo vya dola vimpe msaada. Polisi wa kwenye kizuizi kaisoma mara mbili, kapiga saluti.

Kisha akageukia meza kuu, akaishukuru Ofisi ya Utamaduni mbele ya watu wote. Akasema bila barua ile mambo haya yasingekuwa. Watu wakapiga makofi. Bi. Herieth akatabasamu, akaomba aione barua. Akaisoma. Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mkoba wake, akanitazama.

Sijapata kutaka kusifiwa na kutaka kupotea kwa wakati mmoja namna ile.

Lakini kibibi alikuwa hajasema. Alikaa chini kwenye mkeka, miguu yake akainyoosha. Alianza kwa Kirundi, Havyarimana akitafsiri, kisha akageukia Kiswahili cha kambini, ili wote tusikie. Alisema ana kosa la kuungama. Siku ile shemeji yake alipotangulia bondeni na kuamuru kimya, yeye alibaki nyuma kidogo kufunika kaburi kwa majani. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Akaogopa. Akaanza kumbembeleza. Wimbo ule wa kulazia watoto, ambao Immakulata mwenyewe alimwimbia yeye alipokuwa mdogo. Akajikuta hamwimbii tena mtoto.

“Niliimbaka,” akasema. “Niliimbaka kwa sauti, beau-frère, shemeji, mpaka mtoto akalala, na mimi nikaendelea. Nikasali na Baba Yetu yote. Ulisema tunyamaze, mimi sikunyamaza. Unisamehe.”

Miaka ishirini na sita aliogopa kwamba angeliambiwa aliwahatarisha watu.

Mzee aliweka mkono juu ya kilemba cha kibibi. Machozi yake yalishuka bila uso kubadilika. Mwisho akasema, kwa sauti tuliyoisikia wote, “Kumbe alizikwa na maneno.” Akasogea kwenye mtungi, akapiga magoti, akanywa.

Vigelegele! Watu wakainuka wote. Wazee wakashika mirija. Wanawake wakaanza kucheza, na mzee, naapa, mzee aliyesimama milangoni pa harusi miaka yote, akainua mikono juu akacheza hatua mbili za kwao, ile ngoma ya kunyoosha mikono kama pembe za ng'ombe.

Nami nilikuwa bado nimesimama na karatasi zangu. Nililia. Nililia kweli kweli, wala si kwa ajili ya beti. Hilo naliandika liwe ushahidi.

Baada ya kama dakika tano nikamgusa Havyarimana bega, nikamuuliza kama tunaweza kuendelea na ubeti wa kumi. Akaniambia haiwezekani tena. Maneno yamekwisha.

Jumapili, 22 Februari

Sikutoka. Beti sitini na tatu nzima, mpya, hazijasikiwa na mtu! Immakulata mwenyewe hakutajwa. Mji mzima unajua wino wangu ni mweusi na babu yangu alikuwa nani, basi.

Mama Odilia kaniletea uji. Hakusema kitu kuhusu mtungi. Ni wema unaoumiza kuliko masimango.

Nimefikiri vilevile hivi: nani kamleta kibibi? Barua. Nani kaiandika barua? Nikidai sifa, nadai na jela. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nimechimba kisima, kijiji kikapata maji, na bado niko ndani.

Jumatatu, 23 Februari

Bi. Herieth alikuwa ofisini kabla yangu. Nakala ya kaboni mezani kwake. Niliisahau chini ya mashine ya taipu. Hakupandisha sauti. Kanipa barua: nijieleze kwa maandishi, ifikapo Ijumaa, kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema asingekuwa yule kibibi, leo ningelikuwa ninaandikia polisi. Kisha akasema, huku anatazama dirishani, kwamba hajapata kuona barua ya uongo iliyofanya kazi ya kweli namna hii, na nisidhani huo ni msamaha.

Jumanne, 24 Februari

Havyarimana kanifuata mchana. Baba yake ananiita.

Alikuwa amelala, mito miwili mgongoni. Kifua kinasikika tangu mlangoni. Ndayikunda yuko uani, anachambua mchele. Nikadhani anataka kuniambia kuhusu barua, kwamba Raymond amekwisha kuelewa. Nikaanza kujieleza. Akainua kidole.

Alisema kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno mawili, kwamba aliona karatasi zangu zilikuwa nyingi. Zilizobaki ziko wapi? Nikasema nyumbani, lakini nakumbuka kwa moyo. Nikamkumbusha kwamba mtungi umekwisha kunywewa, maneno ya Immakulata hayasemwi tena. Akasema ya Immakulata yamekwisha, ndiyo. “Hayo yaliyobaki ni yangu,” akasema. “Nisomee.”

Nikakaa. Nikaanza ubeti wa kumi.

Alisikiliza macho yamefumbwa. Katika ubeti wa kumi na tano, Immakulata alipoingia, kidole chake kilitikisika juu ya blanketi. Nilisoma habari za mlima na ukungu wa asubuhi. Nilisoma habari za ndoa yao, niliyoibuni yote, naye hakusahihisha. Nilisoma pale penye Mungu, kwamba barabarani palikuwa na nyayo nyingi na haikujulikana zipi zake. Hapo akafumbua macho, akasema “Ego,” ndiyo ya kwao, akayafumba. Nikaruka nikausoma ubeti wa sitini na moja, wa majani na mvua, maana niliona namna gani vile kuuchelewesha. Akatabasamu. Akaniomba niurudie. Nikaurudia.

Kisha nikarudi nilipoachia, nikaendelea kwa utaratibu mpaka mwisho. Hakunikatiza. Hakutazama pengine. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyenisikiliza vile. Nilipomaliza kaditama, jina langu na mwaka, nikanyamaza kungoja neno lake.

Ndayikunda aliingia na ungo mkononi. Akasimama. Akaweka ungo chini polepole, akamgusa mzee mkononi. Akasema mkono wake umepoa zamani.

Hakupiga kelele. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akaanza ule wimbo wa kulazia watoto. Safari hii hakuna aliyemkataza. Niliondoka kinyumenyume, karatasi sina, na bado mikono yangu ilikuwa kama imeshika karatasi.

Sijui aliondoka ubeti gani. Nadhani katika zile za mvua.

Jumatano, 25 Februari. Majivu

Watu wamepita barabarani na alama za majivu kwenye vipaji vya nyuso. Maziko kesho saa nane.

Raymond alikuja kwangu jioni. Nilidhani amekuja kunipiga. Alikaa barazani, akasema yale ya barua ameyajua na ameyaacha, maana asingetumwa kule kwa uongo, asingemkuta kibibi kwa kweli. Akasema familia imemwomba yeye aseme kaburini, naye amekataa. Amewaambia aseme yule aliyekuwa naye mwisho. Ila wanaomba maneno machache. Mistari minne tu. Ule ubeti wa majani, Ndayikunda ameusikia kutoka uani, anautaka huo huo.

Nikamshika mkono, mkono wa Raymond! Nikamwambia sawa. Mistari minne. Alipoondoka nilikaa gizani nikajiambia: Abdalah, umefundishwa. Mtu alizikwa kwa wimbo mmoja ukamtosha. Mwingine amekufa akisikiliza, na ubeti mmoja ndio aliouomba urudiwe. Nikasali isha nikiwa mwepesi kama niliyetua mzigo.

Kisha nikawasha koroboi nikaunakili ule ubeti, uwe safi.

Ukiwa peke yake ni mfupi mno. Watu hawatajua ni nani anayesema, na kwa ruhusa ya nani. Unahitaji dibaji ndogo. Pia nafasi ya mzee mwenyewe, na ya kibibi, na kwa haki, ya barua, bila kutaja aliyeiandika ila kwa fumbo. Na kwa kuwa lazima nijieleze kwa Bi. Herieth ifikapo Ijumaa, nimeona nijieleze humo humo, kwa beti, mbele ya watu wote. Kazi mbili kwa pumzi moja. Saa hizi nimefika tisini na sita. Mzee alisikiliza sitini na tatu bila kupepesa, sioni kwa nini walio hai washindwe.

Nimemwomba Mama Odilia azungumze na Havyarimana. Baada ya kuzika huwa wananawa mikono na kuletewa kibuyu cha pombe. Nimeomba kesho kibuyu kiwekwe nyuma ya nyumba, mahali kisipoonekana.

Kanitazama. Akafunga mlango.